UZI: Kabla ya kufunga injini ya tustroki, pima nafasi zake (pikipiki za Yamaha DT125, AG100 na ndugu zao)

FundiRuzizi · Bukavu

Uzi huu ni wa wale ambao bado wanahangaika na injini za mipigo miwili: DT125, AG100, na zile Suzuki za zamani za miradi na za maparokia ambazo zimekataa kufa. Motari wa forstroki (mipigo minne) karibuni msome, ila msije kuniambia "nunua TVS". Nimeshasikia.

Neno langu ni moja tu. Pistoni inanunuliwa kwanza, silinda inakerezwa (inapanuliwa kwa mashine) baadaye, tena kwa kuifuata pistoni ile ile iliyo mkononi. Hapa kwetu tunafanya kinyume. Mtu anapeleka silinda kwa mkerezaji, anamwambia "nikatie saizi ya pili", halafu ndipo anaingia soko la Kadutu kutafuta pistoni ya +0.50, yaani iliyozidi ile ya kwanza kwa nusu milimita. Akiipata anaiweka kwenye silinda, anaisukuma kwa kidole, ikiteremka polepole anasema iko sawa. Kidole hakijui milimita 0.03 wala 0.08.

Tuhesabu kidogo. Alumini ya pistoni hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma cha silinda. Pistoni ya DT125 ina kipenyo cha mm 56. Ikipanda nyuzi 100, inaongezeka karibu 0.11 mm. Silinda ya chuma cha kutupwa ikipanda nyuzi hizo hizo, inaongezeka karibu 0.06 mm. Tofauti ni 0.05. Sasa fungua kitabu cha injini yoyote ndogo ya kupozwa kwa hewa: nafasi kati ya pistoni na silinda mara nyingi utaikuta hapo kwenye 0.04 hadi 0.06. Umeona? Joto linaila karibu yote, na hapo tumechukulia kwamba vyote viwili vimepata moto sawasawa. Asubuhi unapowasha na kuvuta gesi kupanda mlima bila kusubiri, pistoni inapata moto kwanza, silinda bado ya baridi. Ndipo inaposhika.

Na nafasi ikizidi nayo si baraka. Ikifika 0.10 pistoni inayumba, inagonga, ringi (pete za pistoni) hazikai wima kwenye ukuta, na mwisho sketi, yaani ubavu wa chini wa pistoni, inapasuka na vipande vinaanguka kwenye krenki.

Namna ya kupima:

Pistoni haina umbo la bomba. Juu ni nyembamba, chini ni pana, na ukiitazama kutoka juu ni ya mviringo uliobanwa kidogo. Imetengenezwa hivyo makusudi kwa sababu kichwa chake ndicho kinachopata moto mwingi. Kwa hiyo usipime juu karibu na ringi. Pima kwenye sketi, karibu mm 10 kutoka ukingo wa chini (kitabu cha mashine yako kikitaja kipimo kingine, fuata kitabu), na mikrometa ikae kwa pembe mraba na tundu la pini (ile inayoshika konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki). Ukipima upande wa pini utapata namba ndogo, utadhani una nafasi kubwa, kumbe huna.

Silinda pima sehemu tatu: juu, katikati, chini, na kila sehemu pande mbili, yaani kwa kufuata krenki na kwa kuikata. Hizo ni namba sita. Ziandike kwenye karatasi. Tofauti kati ya juu na chini isipite 0.05, na mviringo usipotoke zaidi ya 0.01. Zikipita hapo, pistoni mpya haitakusaidia kitu, silinda inataka kukerezwa.

Venia ya kawaida weka pembeni. Chombo ambacho mstari wake mdogo kabisa ni 0.05 hakiwezi kukupimia nafasi ya 0.05.

Jambo jingine ambalo watu hulidharau: pistoni na silinda vilale chumba kimoja usiku, upime asubuhi. Vipimo vya chuma duniani kote huchukuliwa kwa nyuzi 20, na asubuhi ya Bukavu haiko mbali na hapo. Usipime pistoni iliyokaa juani mbele ya duka.

Ringi, konrodi na krenki nitaleta baadaye. Maswali?

---

MtotoWaVirunga · Goma

Papa, aksanti kwa hii maneno. Mi niko Goma, niko na AG100 ya zamani, silinda imekwisha. Mikrometa hapa garaji yetu hatuna, na ya kuazima hakuna mwenye kuitoa. Njo nauliza: asiye na mikrometa atafanya namna gani?

---

Motari4T · Bukavu

Wazee wetu walifunga hizi injini bila mikrometa na zilikuwa zinafika Kamituga na kurudi zimebeba watu watatu na mbuzi. Haya mambo ya 0.01 ni ya wazungu wa mashindano.

---

FundiRuzizi · Bukavu

@Motari4T wazee hao walikuwa na pistoni za kiwandani zilizopimwa tayari, na silinda ambazo hazijaguswa na mtu. Kipimo kilikuwepo, kilifanywa na mtu mwingine kabla yao. Sisi tuna pistoni ya kila rangi ya boksi na silinda iliyokerezwa mara tatu. Nani atapima kama si sisi?

@MtotoWaVirunga kijana wangu, swali zuri. Kuna njia mbili.

Ya kwanza ni filageji ndefu, yale majani ya chuma yenye unene ulioandikwa. Toa ringi, pindua pistoni iingie kwenye silinda kavu na safi, na uingize jani la filageji pembeni ya sketi, upande wa mlango wa moshi au wa kuingilia, si upande wa pini. Jani la 0.04 lipite kwa kukwaruza kidogo. La 0.06 au 0.07 likwame. Likipita la 0.10 bila shida, silinda hiyo ni ya kukereza. Haina usahihi wa mikrometa lakini ni afadhali mara mia kuliko kidole.

Ya pili naipenda zaidi kwa sababu inakuonyesha silinda ilivyokwisha. Chukua ringi mpya, iingize kwenye silinda peke yake, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa bila kuinama. Pima pengo la ncha zake kwa filageji. Anza chini kabisa, mahali ringi haifiki injini ikifanya kazi. Kisha panda juu, karibu mm 20 kutoka ukingo. Mzingo wa duara ni kipenyo mara 3.14, kwa hiyo ukigawanya tofauti ya mapengo kwa 3.14 unapata tofauti ya kipenyo. Mfano: chini 0.25, juu 0.41. Tofauti 0.16, gawanya kwa 3.14, ni 0.05. Silinda yako imefika mpaka. Hapo umepima kipenyo kwa filageji ya bei ya soda chache. Usipimie mbele ya mlango tu, ringi inaweza kujifungua humo ikakudanganya.

Na kwa kuwa uko Goma: vumbi la lava usilichezee. Katika tustroki hewa hupitia kwanza kwenye nyumba ya krenki kabla ya kupanda juu, kwa hiyo vumbi linaanza kula beringi ya konrodi na sketi upande wa kuingilia, ndipo linafika kwenye ringi. Ukifungua ukakuta sketi imekuwa ya kijivu upande wa kabureta, tatizo lako la kwanza ni sponji ya filta.

---

MamaSpea · Bukavu, Kadutu

Mimi nauza, kwa hiyo nitasema upande wangu. Fundi anakuja na namba ya saizi, anachukua boksi, anaondoka. Hakuna anayefungua boksi mbele yangu na kupima. Pistoni zilizoandikwa +0.50 kutoka viwanda tofauti hazilingani, nyingine imepungua 0.02, nyingine imezidi. Si kwamba ni mbovu. Kiwanda kimoja kimeshaondoa nafasi yake kwenye pistoni, kingine hakijaondoa. Kama alivyosema Papa, njooni mchukue pistoni kwanza mpeleke kwa mkerezaji. Na mkileta mikrometa dukani sitakasirika, mezani nafasi ipo.

Klipu za pini pia. Mtu ananunua pistoni ya pesa nyingi anarudisha klipu za zamani! Klipu ikiruka inachimba silinda kuanzia juu hadi chini, na hiyo hakuna saizi ya kuiondoa.

---

FundiRuzizi · Bukavu

Mama amemaliza. Klipu mpya kila mara, na uwazi wake uelekee juu au chini, usielekee pembeni. Mshale wa juu ya pistoni uelekee mlango wa moshi.

Sasa ringi. Pengo la ncha: kanuni ya mafundi ni 0.004 mm kwa kila mm ya kipenyo. DT yenye 56 inakupa karibu 0.22, AG yenye 52 inakupa 0.21. Vitabu huruhusu hapo kwenye 0.15 hadi 0.35. Likiwa dogo mno, ncha zikipata moto zinakutana, ringi haina pa kwenda, inavunjika au inakwaruza. Unalipanua kwa tupa ndogo laini, ukiisugua kwa mwelekeo mmoja kutoka nje kuingia ndani ili isiache ukucha kwenye uso unaogusa silinda. Likiwa kubwa mno, umepewa ringi ya saizi nyingine au silinda imekwisha.

Katika tustroki kuna kapini kadogo kwenye mfereji wa ringi. Kazi yake ni kuzuia ringi isizunguke, kwa sababu ncha ikifika mbele ya mlango inachomoza na kunasa. Hakikisha ncha mbili zimekumbatia hiyo pini kabla ya kuteremsha silinda. Ukilazimisha utasikia "tak", na hiyo tak ni pesa. Nafasi ya ringi kwenye mfereji wake, juu na chini, iwe kama 0.03 hadi 0.05. Kaboni ikiwemo utapima uongo, kwa hiyo safisha mfereji kwa kipande cha ringi iliyovunjika.

Konrodi: chini kabisa, isukume na kuivuta wima. Usisikie chochote. Hata "tik" ndogo, beringi imekwisha. Kwenda kushoto na kulia ni halali, pima kwa filageji kati yake na sahani ya krenki, injini nyingi za aina hii zinataka 0.2 hadi 0.7. Juu, konrodi ikiyumba mm 0.8 hadi 1.0 upande kwa upande ni kawaida, ikifika 2 ifungue. Watu wengi wanachanganya hayo mawili, wanaona konrodi inayumba juu wanaitupa, na iliyolegea wima wanairudisha.

Krenki ikiwa imetolewa na kubadilishwa konrodi, ni lazima irudishwe kwenye mstari. Inawekwa juu ya vitako viwili vya V, inazungushwa polepole, saa ya kupimia yenye mshale inagusa ncha za shafti. Ikicheza zaidi ya 0.03 hadi 0.05, beringi na sili hazitadumu, na mashine itakutetemesha mikono mpaka ufike nyumbani hujui kushika kijiko.

---

MkerezajiKatuba · Lubumbashi

Salamu kutoka Lubumbashi, ndugu zangu wa Kivu. Mimi ni mtu wa mashine za kukereza, injini napokea silinda tu. Nitaongeza matatu ambayo wateja hawayaulizi.

Moja, baada ya kukereza, kingo za milango zinabaki kali kama wembe. Lazima zilainishwe kwa mkono, kidogo tu, pande zote za kila mlango. Ukiletewa silinda kutoka kwa mkerezaji, pitisha kidole ndani ya milango. Kikikatika, irudishe. Ringi mpya kwenye ukingo mkali haimalizi wiki.

Mbili, kisu kikimaliza kazi kinaacha mikwaruzo mirefu. Inafuata kazi ya mawe ya kusugua, yale yanayozunguka huku yakipanda na kushuka, mpaka ukuta uwe na mistari inayokatana. Mistari hiyo ndiyo inayoshika mafuta. Kwa hiyo mimi nakereza kwanza mpaka ibaki kama 0.05, namalizia kwa mawe nikiwa na pistoni ya mteja mezani. Asiyeleta pistoni namrudishia silinda yake.

Tatu, silinda za alumini zilizopakwa nikasili (utando mgumu wa ndani) hazikerezwi. Kuna DT za maji zenye hizo. Ukiona sumaku haishiki ukuta wa ndani, usimpe mtu kisu.

Pia muoshe silinda kwa maji ya moto na sabuni, si petroli. Petroli inaacha unga wa mawe kwenye mistari. Futa kwa kitambaa cheupe mpaka kibaki cheupe, kisha paka mafuta hapo hapo kabla kutu haijaingia.

---

FundiRuzizi · Bukavu

@MkerezajiKatuba ungekuwa karibu ningekuletea kazi kila wiki. Wenye kusoma, rudieni hiyo ya sabuni.

---

MtuWaUvira · Uvira

Mzee, mimi nina DT iliyofungwa vizuri huko Bukavu, nafasi 0.05 imepimwa mbele yangu. Inakwenda mjini miezi bila shida. Nikiteremka nayo mlima wa Ngomo kuja Uvira, ikifika kwenye tambarare baada ya Kamanyola inaanza kupungua nguvu kama inataka kushika. Imeshashika mara moja. Alama ziko upande wa mlango wa moshi tu. Nafasi iongezwe?

---

FundiRuzizi · Bukavu

Usiongeze. Alama zinakujibu. Pistoni iliyokosa nafasi inakwaruzwa sehemu nne kuzunguka sketi, kila pembe. Iliyokosa mafuta ya kulainisha inakwaruzwa pande zote. Iliyochomwa na mchanganyiko mkavu (hewa nyingi, petroli kidogo) inakwaruzwa upande wa moshi, kama yako.

Hapa Bukavu tuko karibu mita 1,500. Hewa ni nyepesi, kabureta iliyopangwa kiwandani inaleta petroli nyingi kuliko hewa, buji (plagi) inakuwa nyeusi, fundi anaweka jeti ndogo (kitundu cha petroli cha kabureta) na mashine inachangamka. Uvira iko chini, ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi. Ukiteremka hewa inakuwa nzito, jeti ni ile ile ndogo, mchanganyiko unakauka, na joto la tambarare linaongezea. Halafu barabara imenyooka, umeshika gesi yote. Rudisha jeti kubwa ukishuka, au beba moja mfukoni.

Kabla ya hapo, pima kama injini inavuja hewa. Ziba mlango wa moshi na wa kuingilia kwa mpira na kibao, ingiza hewa kupitia tundu la buji, na hapa nitawapa ujanja: tumieni mashine ya kupimia presha ya damu. Mshale wake unafika 300, ambayo ni sawa na bar 0.4, ndiyo hasa tunayoitaka. Pampu mpaka 300, funga, tazama saa. Ikishuka zaidi ya 50 kwa dakika, paka povu la sabuni kwenye sili za krenki, gasketi ya chini na shingo ya kabureta. Povu litakuonyesha. Sili ya upande wa sumaku ndiyo inayotuua wengi, kwa sababu inavuta hewa kimya kimya bila kumwaga mafuta nje.

Na wale wa kununua kwa kadafi, wauza petroli wa barabarani: kama DT yako imeng'olewa pampu ya mafuta ya kulainisha na unayachanganya na petroli mwenyewe, changanya mwenyewe. Usikubali chupa iliyokwisha kuchanganywa.

---

MtotoWaVirunga · Goma

Papa, nimerudi. Pistoni nilinunua mbele, silinda imekerezwa kwa kuifuata, mikrometa nimeipata kwa mwalimu wa shule ya ufundi. Namba zangu:

Pistoni 52.45. Silinda 52.50 juu, 52.50 katikati, 52.51 chini. Pengo la ringi ya juu 0.20, ya pili 0.11. Konrodi wima hakuna kitu, pembeni 0.40. Gasketi ya chini niliweka mbili kwa sababu moja ilikuwa nyembamba. Nifunge?

---

FundiRuzizi · Bukavu

Silinda safi, 0.05. Mwambie huyo mwalimu nimemsalimu. Konrodi safi.

Ringi ya pili usifunge nayo hivyo. Itoe, tupa laini, polepole, ukipima kila baada ya misuguo michache mpaka 0.20. Ukizidisha hairudi.

Gasketi mbili toa moja. Ukiinua silinda umeinua milango yote pamoja nayo, na umeongeza nafasi kati ya pistoni na kichwa, nguvu inapotea, na kwa urefu wa Goma mgandamizo ni mdogo tayari. Kama unaogopa kwamba moja itafanya pistoni igonge juu, pima: chukua waya laini wa risasi wa kulehemu, ule wa mafundi redio, unene wa mm 2. Weka vipande viwili juu ya pistoni kwa grisi, kimoja kila upande, kwenye mstari wa pini ili pistoni isiinamie upande mmoja. Funga kichwa na gasketi yake, kaza, zungusha krenki kwa mkono ipite juu mara moja, fungua, pima waya mahali palipobanwa, karibu na ukingo. Ikisoma 1.0 hadi 1.5 funga kwa amani. Chini ya 0.8 usiwashe, niletee namba hapa kwanza.

---

MtotoWaVirunga · Goma

Gasketi moja, waya unasoma 1.2 kushoto na 1.2 kulia. Ringi imefika 0.21.

---

FundiRuzizi · Bukavu

Funga. Washa, iache ipate moto mpaka mapezi yasishikike, izime, ipoe kabisa, rudia mara mbili tatu kabla ya kuitoa barabarani. Kisha kaza upya nati za kichwa zikiwa za baridi. Tangi la kwanza usishike gesi moja muda mrefu, panda na kushuka, na usibebe mtu.

---

Motari4T · Bukavu

Hiyo mikrometa inauzwa wapi?

---

MamaSpea · Bukavu, Kadutu

Njoo dukani, baba. Ninayo moja, ya 50 hadi 75. Ya 0 hadi 25 haitafika kwenye pistoni.